Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Mtoto anapozaliwa kijijini kwetu huku Trans Nzoia, habari husambaa kabla mama hajatoka hospitalini. Majirani hujipanga. Mmoja huleta unga wa wimbi wa kupikia uji, mwingine kuku, mwingine maziwa, na akina mama wa Jumuiya Ndogo Ndogo huja na leso mpya wakiimba. Wakishaketi, maswali huanza. Ni mvulana au msichana? Ana kilo ngapi? Amefanana na nani? Mmempa jina gani?

Hayo ni maswali ya upendo na hayana ubaya wowote. Lakini liko swali moja tunalolisahau. Majirani wa Zakaria na Elizabeti, kule milimani Yudea, waliliuliza siku alipotahiriwa mwana wao Yohane. Walipoyaona yaliyotokea waliingiwa na hofu, wakajiuliza mioyoni mwao mtoto wa namna hii atakuja kuwa mtu gani (Luka 1:66). Hawakuuliza atawafaa nini wazazi wake, ila Mungu amemleta kwa kazi gani.

Mwezi huu nawaomba tulichukue swali hilo na kuliweka kando ya kila kitanda anacholala mtoto mchanga. Tulitafakari wale tuliojaliwa mtoto juzi, wale ambao watoto wetu wamekwisha kuwa wakubwa, na hata wale ambao kitanda chao bado ni kitupu.

Mke alisema, mume akaandika

Zakaria alikuwa kuhani, mtu mwema, mzee wa ibada. Siku moja kura ilimwangukia kuingia hekaluni kufukiza uvumba. Malaika Gabrieli akamtokea, akamwambia kwamba sala yake imesikiwa na kwamba mkewe atamzalia mwana. Huyu aliyeongoza watu katika sala hakuamini kwamba sala yake mwenyewe imejibiwa. Akataka ishara, naye akapewa: akawa bubu mpaka siku ambapo mambo hayo yatatimia.

Mtoto alipozaliwa, ndugu na jirani walikusanyika siku ya nane wakiwa na jina mkononi. Walitaka aitwe Zakaria kama baba yake. Elizabeti akakataa, akasema ataitwa Yohane. Wakashangaa, kwa maana hapakuwa na mtu wa ukoo aliyeitwa hivyo. Wakamwendea baba kwa ishara. Akaomba kibao, akaandika jina lilelile. Mara kinywa chake kikafunguka, na neno lake la kwanza baada ya miezi yote ile likawa kumsifu Mungu.

Ndugu zangu, ugomvi wa jina tunaujua. Kwa Wagikuyu, mwana wa kwanza humrudisha babu wa upande wa baba, na binti wa kwanza humrudisha nyanya wa upande huohuo. Upande wa mama hufuata baadaye. Wajaluo humwita Atieno aliyezaliwa usiku na Achieng aliyezaliwa jua likiwaka. Wabukusu humwita Nekesa aliyekuja wakati wa mavuno, Nafula aliyekuja na mvua, na Nanjala aliyekuja wakati wa njaa. Mila hizi ni nzuri. Zinamwambia mtoto kwamba ana watu wake, na kwamba saa aliyofika ilitambuliwa. Kanisa halizikatazi. Kanuni ya 855 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inataka tu kwamba jina lisiwe geni kwa moyo wa Kikristu. Haisemi kwamba lazima liwe la Kizungu.

Lakini nyumba ya Zakaria inatufundisha mambo mawili. La kwanza, kabla mtoto hajawa wa ukoo ni wa Mungu. Jina la Yohane lilitajwa na malaika wakati ukoo haujajua hata kama kuna mimba. Nabii Yeremia naye aliambiwa kwamba Mungu alimjua kabla hajaumbwa tumboni (Yeremia 1:5). Sisi wazazi hatukuwa wa kwanza kumjua mtoto wetu. Tulimkuta anajulikana.

La pili ni la mume na mke. Mke alisema, mume akaandika, na neno lao lilikuwa moja. Kwa miezi mingi Zakaria hakutamka hata silabi moja, na bado siku ilipofika nyumba ilikuwa na kauli moja mbele ya ndugu wote. Wangapi kati yetu tunazungumza kutoka asubuhi hadi usiku, lakini wageni wakija kila mmoja ana lake? Mtoto mchanga huhitaji maziwa na joto. Huhitaji pia wazazi ambao kauli yao ni moja.

Siku niliyokuwa bubu

Hapa itanibidi niseme habari zangu mwenyewe, kwa sababu ningewahubiria juu ya Zakaria bila kukiri kwamba namjua kwa karibu, ningekuwa mnafiki.

Ilikuwa Novemba 2013, wakati wa kuvuna mahindi. Nyumbani tulikuwa na mabinti watatu, na mke wangu alikuwa hospitali akisubiri kujifungua. Mimi nilikuwa kigangoni nikiwafundisha wakatekumeni. Simu ikalia. Alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Akasema, "Mwalimu, mama watoto amejifungua salama. Ni msichana."

Nikasema, "Tena?"

Neno moja tu. Shemeji akanyamaza, kisha akakata simu. Mimi nikarudi darasani na kuendelea na somo, na somo la siku ile lilikuwa Sakramenti ya Ubatizo.

Sikwenda hospitali jioni ile. Nilikwenda shambani kuangalia mahindi ambayo yangeweza kuangaliwa siku nyingine. Wala sikuwa na kisingizio cha bili, maana tangu Juni mwaka huohuo serikali ilikuwa imeondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za umma. Kesho yake, Jumapili, niliongoza ibada, nikatangaza matangazo, nikasalimiana na watu. Nikafika hospitali alasiri.

Nilimkuta mke wangu ameketi kitandani, na kando yake mama mzee, mwenyekiti wa jumuiya yetu, akimmiminia uji kutoka kwenye chupa ya chai. Mke wangu akasema, "Karibu, baba watoto. Nilijua umechelewa kwa sababu ya ibada." Alinitafutia sababu ambayo mimi mwenyewe sikuwa nayo. Lakini macho yake yalikuwa yamevimba.

Yule mama mzee akamweka mtoto mikononi mwangu. Akasema, "Mwalimu, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amefika tangu jana. Wewe mwenyeji umepona nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa bubu kama Zakaria, tena bila malaika.

Tuliporudi nyumbani nilimwomba mke wangu msamaha kwa kuchelewa. Akanitazama, akasema polepole, "Kuchelewa si kitu. Nilisikia ulichosema. Shemeji yako alikuwa ameweka simu kwenye spika ili nikusikie ukifurahi."

Wapendwa, nimewahi kuungama mambo mengi maishani, lakini sijawahi kuona dhambi yangu wazi kama siku ile. Mwanamke aliyekuwa ametoka kwenye uchungu wa kuzaa alisubiri kusikia furaha ya mumewe, akasikia hesabu. Bwana wetu alisema kwamba mwanamke akisha kuzaa husahau dhiki yake kwa furaha ya mtu kuzaliwa ulimwenguni (Yohane 16:21). Furaha hiyo ni haki yake. Mimi niliichukua kwa neno moja.

Mtoto si malipo, wala si bima

Ugonjwa wangu ulikuwa nini? Ulikuwa hesabu. Nilikuwa nimejifanyia hesabu ya nani atarithi shamba, nani ataliendeleza jina, nani atanizika. Katika hesabu hiyo mtoto hakuwa mtu bali jibu, na jibu likawa halikutoka nilivyotaka.

Waume wenzangu, tuseme ukweli kwanza juu ya jambo moja ambalo limevunja nyumba nyingi bila sababu. Yai la mama halichagui mvulana au msichana. Ni mbegu ya baba inayobeba alama ya jinsia: ikibeba moja huwa mvulana, ikibeba nyingine huwa msichana, na hakuna baba anayeweza kuiamuru ipi itangulie. Basi mwanamume anayemlaumu au kumpiga mkewe kwa ajili ya mabinti, au anayetafuta mwanamke wa pili ili apate mwana, anamwadhibu mtu asiye na kosa. Na juu ya urithi, Katiba yetu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi kati ya mwanamume na mwanamke. Binti hana sababu ya kuwa mgeni katika shamba la babaye.

Lakini hata kama tungezaa wavulana watupu, ugonjwa wa hesabu ungebaki. Wako wazazi wanaomtazama mtoto mchanga na kuona mshahara wake wa baadaye, au daktari, au padre wa kuwapa heshima parokiani, au fimbo ya uzee. Kumtegemea mtoto uzeeni si dhambi. Amri ya nne inamwagiza mtoto awatunze wazazi wake. Kosa ni kumfanya mtoto kuwa bima, kana kwamba alizaliwa kwa ajili hiyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba watoto ni zawadi kuu kabisa ya ndoa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 ikaendeleza kwa kusema kwamba mtoto si kitu ambacho mtu anadai, wala si mali ya mtu, ni zawadi.

Zawadi hatuichagui. Zawadi tunaipokea kwa mikono miwili, tunashukuru, kisha tunaifungua taratibu kujua kuna nini ndani. Kuifungua zawadi ya mtoto huchukua miaka ishirini au zaidi.

Mnaweza kutaka kuniuliza yule binti yetu wa nne amekuwaje. Mnatarajia niseme anaongoza darasani, au kwamba ndiye amenisaidia kuliko wote, ili hadithi iishe vizuri. Sitasema, kwa sababu nikisema hivyo nitakuwa nimerudi kwenye hesabu ileile. Alistahili kufurahiwa siku ile alipokuwa hajui lolote ila kulia.

Zamani, mila ya Wagikuyu ilikuwa kwamba mvulana akizaliwa vinapigwa vigelegele vitano, na msichana vitatu. Makabila mengine nayo yalikuwa na namna zao za kuonyesha tofauti. Nawaomba mwangalie kinachofanyika kwenye kisima cha ubatizo. Padre humwagia mvulana maji mara tatu, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Humwagia msichana maji mara tatu, kwa jina hilohilo. Mbele ya Mungu hakuna aliyepungukiwa na viwili. Mtume Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba wote waliobatizwa wamemvaa Kristu, wala katika Kristu hakuna tena mwanamume wala mwanamke wa kutenganishwa (Wagalatia 3:27-28).

Mungu anaahidi nini?

Sasa tuje kwenye ahadi. Tunapenda kusema kwamba kila mtoto huja na baraka zake, na wengine husema huja na sahani yake. Msemo huo wa sahani umewafanya baadhi ya wazazi wasijiandae. Kanisa halifundishi hivyo. Linafundisha uzazi wa kuwajibika: mume na mke wakipima pamoja mbele ya Mungu afya ya mama, hali ya nyumba na mahitaji ya watoto waliopo, wakitumia njia za asili za kupanga uzazi kama alivyofundisha Papa Paulo wa Sita katika barua yake Humanae Vitae ya mwaka 1968. Hiyo ni kazi ya wawili. Mume asiyetaka kujua siku za mkewe asiseme anamtegemea Mungu.

Mungu hakuahidi kwamba mtoto atakuwa tajiri, wala kwamba hatauguza moyo wa mzazi. Yohane yule aliyefurahiwa na milima yote ya Yudea alikulia jangwani, akaishia gerezani, akakatwa kichwa. Bikira Maria alimpeleka Mwanawe hekaluni akiwa na siku arobaini, pamoja na sadaka ya maskini, yaani ndege wawili, kwa kuwa mwenye uwezo alipaswa kutoa mwanakondoo (Walawi 12:8). Hapo mzee Simeoni akamwambia kwamba upanga utaupenya moyo wake. Hayo ndiyo aliyoambiwa mama mwenye mtoto mchanga mikononi, na bado Maria hakumrudisha Mtoto kwa Mungu akisema amebadilisha nia.

Ahadi ya Mungu ni nyingine, na ni kubwa zaidi. Kwanza, kwamba mtoto huyu ameumbwa kwa mfano wake. Pili, kwamba Kristu amemfia huyu, jina lake likiwemo. Tatu, kwamba amekusudiwa uzima wa milele. Hilo ndilo kusudi tulilojifunza sote tulipokuwa watoto wa katekisimu: tumeumbwa ili tumjue Mungu, tumpende, tumtumikie, na mwisho tukae naye mbinguni. Mtoto aliyezaliwa na ulemavu ana kusudi hilo lote kamili. Hata mtoto aliyeishi saa tatu tu analo lote.

Nasema hivi nikiwafikiria wazazi waliorudi kutoka hospitali mikono mitupu. Mtoto akiwa katika hatari ya kufa, mtu yeyote, hata mama mwenyewe, muuguzi au jirani, anaweza kumbatiza kwa kummwagia maji kichwani na kusema: "Nakubatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu," akiwa na nia ya kufanya lile Kanisa linalofanya. Kila mzazi alijue hilo. Na kama mtoto alikufa kabla ya kubatizwa, msiamini wanaowatisha. Kanisa linamkabidhi kwa huruma ya Mungu, na ikiwa wazazi walikusudia abatizwe, Askofu wa mahali anaweza kuruhusu azikwe kwa ibada ya Kanisa. Muulizeni paroko wenu. Msilie peke yenu gizani.

Nawafikiria pia mume na mke ambao mwaka baada ya mwaka wanasubiri. Mtaguso uleule ulisema wazi kwamba ndoa haikuwekwa kwa ajili ya kuzaa tu, na kwamba hata bila watoto inabaki ndoa kamili yenye thamani yake. Elkana alimwona Hana akilia, akamuuliza kama yeye mwenyewe si bora kwake kuliko wana kumi (1 Samweli 1:8). Si kila mume ana maneno kama hayo, lakini kila mume anaweza kuwazuia ndugu zake wasimtukane mkewe chini ya dari yake.

Kanzu ndogo ya kila mwaka

Ikiwa mtoto ana kusudi la Mungu, sisi wazazi kazi yetu ni nini? Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mtazameni tena Hana. Alimpata Samweli baada ya machozi mengi, akamnyonyesha mpaka akamwachisha, kisha akampeleka Shilo kwa Bwana. Lakini hakumsahau. Kila mwaka alimshonea kanzu ndogo na kumpelekea (1 Samweli 2:19). Fikirini mama huyo akikisia nyumbani mwanawe amerefuka kiasi gani mwaka huu. Malezi ya Kikristu ni hayo: kumtoa mtoto kwa Mungu, na kuendelea kumshonea kanzu inayomtosha. Kanzu ya mwaka jana haimtoshi mwaka huu. Sala ya mtoto wa miaka mitatu haimtoshi kijana wa kidato cha kwanza.

Kwa wale walio na mtoto mchanga sasa hivi, nawapa mambo machache ya kufanya.

Msicheleweshe ubatizo. Kanuni ya 867 inawataka wazazi wahakikishe mtoto anabatizwa katika wiki za kwanza, na kwamba wamwendee paroko mapema, hata kabla ya kuzaliwa. Huku kwetu watoto wanafikisha miaka minne kwa sababu pesa za sherehe hazijapatikana, au kwa sababu tunamsubiri msimamizi mwenye gari. Sherehe inaweza kuwa chai na mandazi. Msimamizi anatakiwa awe Mkatoliki aliyepokea Kipaimara na Ekaristi, kwa kawaida aliyetimiza miaka kumi na sita, anayeishi imani yake, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Sheria haisemi neno juu ya gari. Na ninyi ambao ndoa yenu haijabarikiwa, msijifiche. Nendeni mkaongee na paroko. Anachotafuta ni tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani, na huenda mtoto huyo ndiye atakayewafikisha altareni.

Baba, mshike mtoto. Mila zetu nyingi zilimweka baba mbali na kichanga, lakini Yosefu alimbeba Mtoto usiku hadi Misri. Amka usiku mmoja kati ya mitatu. Chota maji, fua nepi, mpe mama nafasi alale. Maziwa ya mama pekee yanamtosha mtoto miezi sita ya kwanza, lakini mama anayenyonyesha hawezi kuishi kwa uji wa wageni peke yake. Wageni wakiisha kwenda, wewe ndiwe jumuiya yake. Na siku ya chanjo, ukipata nafasi, nenda nao kliniki.

Mtieni mtoto alama ya msalaba kila usiku. Katika ibada ya ubatizo padre humtia mtoto alama ya msalaba kwenye paji la uso, kisha baba, mama na wasimamizi hufanya vivyo hivyo. Hiyo ni ishara mnayoweza kuipeleka nyumbani. Haihitaji kitabu wala pesa. Mkifanya hivyo kila jioni, mume na mke mkiwa pamoja, mtashangaa ni magomvi mangapi yatakayokosa mahali pa kulala nyumbani mwenu.

Na mshumaa wa ubatizo, ule uliowashwa kutoka Mshumaa wa Pasaka, msiutupe kabatini pamoja na mabaki ya keki. Uwasheni kila mwaka siku aliyobatizwa, mkamwambie mtoto habari zake.

Mwenyeji alipona nini

Siku ya kumbatiza binti yetu tulisimama mlangoni mwa kanisa. Padre akauliza lile swali la kwanza, kwamba mtoto huyu mmempa jina gani. Mimi ndimi ningejibu, kama desturi ya huku. Nilimtazama mke wangu. Tukalitaja jina pamoja, kwa sauti moja, na yule mama mzee wa jumuiya akapiga vigelegele. Sikuvihesabu.

Ndipo nilipopata jibu la swali alilokuwa ameniuliza hospitalini. Mgeni alikuja, na mwenyeji akaanza kupona hesabu zake. Nasema akaanza, kwa kuwa ugonjwa huo hurudi. Lakini kila mtoto anayezaliwa, Mungu hutupa nafasi nyingine ya kupona.

Maswali ya mume na mke

Tafuteni saa moja jioni, watoto wakiwa wamelala, mzungumze bila kulaumiana.

1. Mtoto wetu alipozaliwa, neno langu la kwanza lilikuwa nini? Je, lilikuumiza au lilikufurahisha?

2. Ni mambo gani tunayotaka kwa watoto wetu kwa sababu ya Mungu, na yapi kwa sababu ya sifa zetu?

3. Mbele ya ndugu zetu, je, tuna kauli moja kama Zakaria na Elizabeti?

4. Mwaka huu, kila mtoto wetu anahitaji "kanzu" gani mpya katika imani yake?

Tusali

Ee Mungu Baba, uliyetujua kabla ya mama zetu kutujua, tunakushukuru kwa kila mtoto uliyemleta katika nyumba zetu. Utusamehe pale tulipompokea kwa hesabu badala ya shukrani. Wafariji wanaosubiri, wafute machozi waliopoteza. Utufundishe kuwalea hawa wadogo kwa ajili yako, ili siku moja tukukabidhi wote, bila kukosa hata mmoja. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.